Umoja wa Kigogota na Kinyonga

Katika hospitali ya wanyama, Kigogota alikuwa mpasuaji, akipasua kwa mdomo wake mkali, na Kinyonga alikuwa mtu wa maabara. Kigogota alimwona Kinyonga mzito, na Kinyonga alimwona Kigogota mwenye papara. Walipoagizwa waanzishe umoja wa utafiti, walikubali kwa sharti moja, kwamba kila mmoja abaki kwake. Sampuli zingepelekwa maabara na Kunguru, aliyejitolea bila kudai mshahara.

Baada ya Nyati, Pundamilia naye alikatwa uvimbe begani, akaambiwa asubiri majibu. Alisubiri mpaka jeraha likapona na manyoya yakaota upya.

"Si nilisema? Watu wa maabara hao!" alisema Kigogota kwa furaha.

Kule maabara, Kinyonga alikaa mbele ya meza tupu. "Wapasuaji hao! Hawaleti kitu," alisema, naye kwa furaha.

Pundamilia alipochoka, alimbeba Kigogota mgongoni hadi maabara. Kigogota na Kinyonga walipoulizana tu zilipo sampuli, Kunguru, aliyekuwa dirishani, akaumbuka.

"Sampuli nimekula zote," alisema Kunguru bila haya. "Ya Nyati ilikuwa tamu, hana tatizo. Yako, mama, ilikuwa chungu kweli."

Kigogota na Kinyonga wakatazamana. Tangu umoja uanze, hayo ndiyo yalikuwa majibu ya kwanza. Wakamchagua Kunguru kuwa mwenyekiti palepale.

"Sasa huo uchungu maana yake nini?" aliuliza Pundamilia.

"Utafiti zaidi unahitajika," walijibu wote wawili kwa sauti moja, kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Kigogota akaanza kunoa mdomo, na mwenyekiti akameza mate.