Jina la Kompyuta Zote

Kishale kilimetameta ndani ya kisanduku kitupu kwenye skrini. Jina ambalo Salhina, fundi wa mtandao, angeliandika pale lingebebwa na kila kompyuta ya kampuni, na kulibadili baadaye kungekuwa kuanza upya.

"Andika Mbaruku," mkurugenzi alisema, akitaja jina lake mwenyewe. "Nimebaki peke yangu."

Bi Mize, mjane wa Shebe, mshirika wake wa biashara, alisimama mlangoni amekumbatia kibao cha zamani cha ofisi: Mbaruku na Shebe.

"Mwandikie, mwanangu. Shebe tulishamzika. Mzikeni na humu."

"Shemeji, usiniseme hivyo mbele ya watu."

"Nimesema aandike tu."

Salhina akaandika, kisha akamsogezea mkurugenzi kibodi. "Bonyeza mwenyewe, bosi."

Kidole cha Mbaruku kikasimama hewani, kati ya kitufe cha kukubali na cha kufuta.