Kahawa ya Presha

Kila jioni Mbaruku aligonganisha vikombe vyake vya kahawa, akawatajia wateja wa pale barazani sifa za viungo alivyotia: tangawizi huchangamsha damu, iliki hutuliza tumbo, mdalasini hushusha presha. Walicheka, wakanywa.

Siku hiyo jirani yake, Bi Mwanatumu, alikuja akiburuta miguu iliyovimba. Alimpa kichupa cheupe cha dawa, kitupu, kimeoshwa vizuri.

"Nijazie humu viungo vyako, mwanangu. Vidonge vya presha nimevimwaga chooni. Daktari wangu sasa ni wewe."

Mbaruku alikijua kichupa kile. Kingine kama hicho kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na kila asubuhi, kabla ya kukoka moto wa kahawa, alimeza kidonge kimoja huku ameupa mlango kisogo.

"Mbona hunijazii?" aliuliza Bi Mwanatumu. "Au vimekwisha?"

Wanaume barazani waligeuka. Haya ilimpanda Mbaruku mpaka masikio yakawaka moto. Alitia mkono mfukoni, akatoa kichupa chake, akakiweka kwenye sinia kando ya kile kitupu.

"Mama," alisema, bila kuinua macho, "mimi mwenyewe nameza vidonge hivi."

Hakuna aliyecheka. Wanaume walibaki na vikombe mikononi, hawanywi wala hawavirudishi.

Bi Mwanatumu alikitwaa kile kichupa chake kitupu, akakisogeza sikioni na kukitikisa taratibu, akisikiliza kama kimebaki hata kidonge kimoja.