Watoto wa Kwenye Kombe

Usiku wa manane zilisikika kelele: klabu imepanda tena ligi kuu ya Uingereza. Panya alikuwa amezalia ndani ya kombe la zamani la klabu hiyo, ambalo halijaguswa tangu klabu ishuke daraja, na sasa Paka, shabiki wa kufa na kupona, kaja kulitazama.

"Toka humo, mama watoto."

"Shemeji, ngoja, ngoja kwanza, mbona manyoya yamegandana hivyo?"

"Sijajilamba tangu tuanze kushinda. Naogopa kuharibu bahati."

Panya akadakia hapohapo. "Na hawa nimewazaa siku ileile mlipoanza kushinda. Haya, watafune, mshuke tena."

Paka akarudisha makucha, akajilaza kando ya kombe kuwalinda.

"Ila paka wenzangu wasijue," akanong'ona.

"Simwambii mtu, shemeji. Hata baba yao."