Kinywa cha Samaki Mwekundu

Mkono wa dada mtu ulikuwa tayari ndani ya tangi la kioo, na wavu mdogo umemnasa samaki mwekundu mwenye madoa meupe. Mashavu yake yalikuwa yametuna, maana samaki wa aina hii hulea watoto mdomoni, na mpaka awateme hagusi chakula.

Mdogo wake alikuwa jikoni akichemsha chai. "Dada, si ulinicheka kwamba nafuga kitoweo? Leo kitoweo kinagombewa!"

Dada mtu alicheka kwa meno tu. Baadaye walianza pamoja kuchagua samaki wazazi na kuzalisha. Wa kwake walitoka rangi ya majivu kila uzao. Wa mdogo wake waliwaka kama pilipili mbivu. Roho ilimuuma hata usingizi ukamkimbia. Wivu, jamani, huanza kwa kuomba kidogo: wawili watatu tu, nani angejua?

Akamminya taya ili awateme kwenye kopo. Samaki akashtuka. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena. Mashavu yakanywea. Kopo likabaki na maji matupu.

Akamrudisha haraka, akajifuta mkono kwenye gauni.

"Huyo usimguse, mwoga sana, akitishwa anameza," mdogo wake alisema akiingia na vikombe viwili vya chai. "Watoto wake nimekuwekea wewe, dada'angu. Wote. Nimechoka kukuona umenuna."

Samaki akaja juu, akafungua mdomo, akafunga, akafungua.

"Mbona anaomba chakula?" mdogo wake akauliza.