Waya wa Wajomba

"Mwambie huyo asogeze mguu, kaukanyaga waya," alisema Mjomba Mkubwa.

Mpwa wake alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, tochi mdomoni. Aliitoa, akapaza sauti: "Mjomba Mdogo, unaombwa usogeze mguu."

"Mwambie mguu uko kwangu," ilijibu plaiwudi.

Plaiwudi hiyo ndiyo iliyoligawa duka la uchapaji katikati. Upande huu Mjomba Mkubwa alipanga kurasa kwenye kompyuta kuukuu. Upande wa pili Mjomba Mdogo alikuwa na kompyuta kuukuu zaidi, ile pekee iliyoelewana na mashine yake ya kuchapia. Waya ulipita kwenye tundu la ukutani, ukipeleka kurasa kutoka huku kwenda kule. Wenyewe walinuniana tangu mwaka walipochapa kalenda yenye Juni ya siku thelathini na moja. Kila mmoja alimtupia mwenzake ile siku ya ziada, na mpaka leo haina mwenyewe.

Waya ulipofanya kazi, duka lilikuwa kimya. Ulipogoma, na uligoma karibu kila wiki faili likiwa njiani, Mjomba Mkubwa alilibeba faili kwenye disketi, akazunguka nje, akaingia kwa mdogo wake. Hapo ndipo moto ulipowaka. Walifokeana mpaka jioni, muuza viatu wa jirani akiomba walau wapumzike wakati ana wateja.

Safari ya mwisho Mjomba Mkubwa aliapa mbele ya dada yao: wakigombana tena, anachukua nusu yake ya duka na kwenda zake. Dada alikwenda kwa mwanawe, fundi wa kompyuta, macho yamemvimba.

"Mimi sina ndugu wengine," alimwambia. "Nenda kautengeneze huo waya usigome tena, mwanangu. Wakikosa cha kugombania, watakaa."

Fundi aliogopa. Wajomba hao ndio waliomsomesha, na hakutaka kuwaona wakigawana viti. Alileta waya mpya, mnene, na programu mpya kwa kompyuta zote mbili.

"Hii inakata faili vipande vipande," alieleza, kwa sauti ya kufika kote kuwili. "Ikituma kipande inauliza, umekipata? Isipojibiwa, au ikiambiwa kimefika kibovu, inatuma kilekile tena. Haichoki wala hainuni."

"Mwambie kaka," ilisema plaiwudi, "kumbe mashine zina adabu kuliko watu."

"Mwambie huyo nimesikia."

Fundi alichomeka kichwa cha waya nyuma ya kompyuta, akakikaza kwa skrubu zake mbili ndogo, akazunguka nje na kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Walijaribu kwa lebo za sabuni. Zamani zingekula asubuhi nzima na kukwama. Sasa zilivuka kabla Mjomba Mkubwa hajamaliza kufuta miwani. Haikupotea hata nukta.

"Na hauwezi kugoma tena?" aliuliza Mjomba Mkubwa.

"Hata panya akiutafuna, ataumia yeye."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mjomba."

Mzee aliitazama skrini. "Haya. Mungu akubariki," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Mjomba Mdogo naye aliuliza maswali yaleyale, akabariki vilevile. Fundi hakushangaa; wazee wale hawakuwa watu wa kuchekacheka.

Waya haukugoma. Kazi zilitoka kabla ya siku zake, muuza viatu akapata wateja, na mama yake fundi akaanza kulala usingizi wa kweli. Kila fundi alipopita, aliwakuta wajomba kila mtu kwake, kimya, mikono mapajani, wakisubiri mashine zimalize kusemezana.

"Kaka yangu mzima?" Mjomba Mdogo alimuuliza siku moja.

"Yuko hapo tu, mjomba."

"Najua yuko hapo. Nimeuliza, mzima?"

Fundi alisema mzima, akaenda zake.

Kisha ikaja simu ya muuza viatu. "Njoo haraka. Wameanza tena, na leo ni balaa."

Fundi alikimbia. Kelele alizisikia tangu kona ya mtaa, akamfikiria mama yake. Aliingia upande wa Mjomba Mkubwa. Hapakuwa na mtu. Akainama chini ya meza, akakiona kichwa cha waya sakafuni, skrubu zimefunguliwa moja baada ya nyingine kwa utulivu kabisa.

Hasira zilimpanda. Kumbe mzee alikuwa anatafuta kisingizio cha kuondoka na nusu yake, na akikosa anajitengenezea! Alikirudisha kichwa mahali pake, akakikaza, akaitazama skrini. Kompyuta ya pili haikujibu. Akajaribu tena. Kimya.

Alizunguka nje. Wajomba walikuwa wameketi kwenye benchi moja, goti kwa goti, vidole vikipepea hewani.

"Upande wako ndio umekufa!"

"Wangu? Wangu mzima! Wako ndio umekufa!"

"Mjomba Mkubwa," alisema fundi, "nimeona ulichofanya. Nautengeneza sasa hivi, na leo hakuna mtu anayehama."

"Usijisumbue," walisema wote wawili kwa pamoja.

Fundi hakuwasikiliza. Aliinama chini ya meza ya Mjomba Mdogo. Kichwa cha pili cha waya nacho kilikuwa sakafuni, na skrubu zake mbili zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi.