Chumba Chini ya Nyumba ya Nungunungu

Acha kunikunjia pua; hata hujasikia, tayari wabisha! Bi Nungunungu alitaka chumba chini ya nyumba yake, wanawe wapate pa kulala. Mzee Fuko akachimba chini ya ukuta kipande cha hatua moja, akakijaza mawe na udongo mzito, akangoja kikauke, ndipo akahamia kipande cha mbali, akafanya vivyo hivyo.

“Mzee, nimekuita uchimbe, mbona wafukia?” Bi Nungunungu akafoka.

“Ukuta haulali hewani, bibi. Ukiwa na haraka, mwite Mhanga.”

Akamwita kweli. Mhanga, mwenye kucha ndefu za kuchimbia na majivuno, akacheka. “Hii kazi ya asubuhi moja!” Akafukua chini ya ukuta wote uliobaki. Nyumba ikalia kwaa, watoto wamo ndani! Bi Nungunungu akafumba macho. Alipoyafumbua, ukuta ulikuwa umeshuka kidole kimoja tu, umeyakalia mawe ya Fuko, na watoto wanapiga chafya kwa vumbi.

Akashusha pumzi, kisha akamgeukia Mhanga. “Wewe utabeba mawe mpaka Fuko aseme basi. Mimi naenda kumwomba radhi.”

Akatoka, akavuta mlango, nao ukafungika bila kukwaruza, kwani mawe ya Fuko yalikuwa yameushika ukuta sawasawa.