Firigisi

Dakta Nekesa alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu wanawake wanaolima, wanaopika, kisha wanakula makombo. Siku alipokileta nyumbani, shangazi yake Nafula alimpikia kuku, akamwekea firigisi juu ya ugali, kipande ambacho katika ukoo wao hupewa mwanamume peke yake.

"Kula, mwanangu. Umetutoa kimasomaso."

Nekesa aliitafuna yote kwa raha, akalamba na vidole.

"Shangazi, njoo basi tule wote."

"Mimi shingo inanitosha." Nafula alisimama mlangoni, mikono ingali na unga. "Lakini hebu niambie, ina ladha gani? Miaka sitini naisafisha, sijaionja."

Nekesa alitazama sahani. Ulibaki mchuzi tu, nao umeanza kuganda.